Kwa nini watu wanajitambulisha vizuri kwenye hafla za biashara Mwanza na bado hawapigiwi simu?

#1 KapriPointi
Wakuu, heshima kwenu.

Hoja yangu ni hii: kwenye makongamano, maonesho na hafla za wafanyabiashara hapa jijini, watu wengi wanajitambulisha kwa cheo na jina la kampuni, na ndiyo sababu kadi zao zinalala kwenye droo. "Naitwa fulani, Mkurugenzi Mtendaji wa fulani General Supplies, tunafanya mambo mengi." Aliyesikia hajui anunue nini kwako wala amlete nani.

Muundo ninaoutetea ni wa vipande vinne: jina, unamhudumia nani, shida gani unamwondolea, na leo unatafuta nini. Sekunde 30, basi. Mfano wa fundi wa majokofu:

"Naitwa Fulani. Nafunga na kutengeneza vyumba vya baridi vya samaki, vya tani 2 hadi 20. Wateja wangu ni wakusanyaji wa sangara wanaouzia viwanda. Mzigo wao ukipata joto usiku, asubuhi kiwanda kinaukataa. Kazi yangu ni kuhakikisha baridi haipungui hata umeme ukikatika. Leo natafuta mtu anayetaka kujenga chumba kipya upande wa Igombe au Kayenze."

Kipande cha nne ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na bila hicho msikilizaji anabaki kusema "hongera sana" na kugeukia chai yake. Karibuni mpinge.

#2 Nyegezi_B
Naunga mkono. Mwendo wa kawaida wa kuongea ni maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 30 ni maneno 75. Andika maneno 75, yakariri, kazi imekwisha.

#3 MhaririPasiansi
Nyegezi_B, hiyo 150 ni hesabu ya Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Kwa Kiswahili weka 50 hadi 60 kwa sekunde 30, halafu jipime kwa kinasa sauti cha simu. Mfano wa #1 una maneno 52 na unatosha. Ukilazimisha 75 utakimbiza, na kitu cha kwanza kumezwa ni jina lako, maana unalitamka kabla sikio la mwenzio halijaizoea sauti yako. Jina litamke taratibu, nyamaza kidogo, ndipo uendelee.

Na usikariri neno kwa neno. Kariri mpangilio tu, kila kipande na neno moja la kukikumbushia. Aliyekariri sentensi nzima akikatizwa na mhudumu wa chai hana pa kurudia, anaanza upya kama mwanafunzi wa ngonjera.

Kipimo ninachokiamini: mwambie mtu asiyeijua kazi yako utambulisho wako mara moja, ongeeni mengine dakika kumi, kisha mwombe akueleze unafanya nini. Anachokumbuka ndicho utambulisho wako halisi. Vilivyobaki futa.

#4 BintiKirumba
Samahani kaka KapriPointi, mimi naona tatizo liko kwingine. Kwetu mtu akijieleza mwenyewe kwa ufasaha sana, wakubwa wanasikia majivuno. Huku Kanda ya Ziwa sifa zako zinatakiwa zitoke mdomoni mwa mwingine. Muundo wako wa vipande vinne ni mzuri, ila unasemwa na mtu asiyestahili kuusema.

Dawa yake ni kwenda wawili. Kila mmoja anabeba sentensi mbili za mwenzake, mmezipanga kabla ya kuingia ukumbini. Mnafika kwa meneja: "Mzee, naomba nikutambulishe dada huyu, ndiye aliyepanga stoo ya barafu ya wale jamaa wa soko la samaki la Mwaloni." Unanyamaza, yeye anaeleza kazi. Hapo hajajisifu hata kidogo, na mzee anauliza maswali mwenyewe. Masharti yake ni mawili: msiwe wa biashara moja, na aliyetambulisha asibaki kusimama katikati kama mshereheshaji. Akimaliza aondoke.

#5 MtuWaGeita
Wote mmesema, lakini hamjamtaja mnunuzi. Nawaongelea wanaolenga migodi, kwa sababu nusu ya watu wanaojaa kwenye maonesho ya madini Geita wanatoka Mwanza.

Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zimewafanya maofisa ununuzi wa migodi waandamwe na kila muuzaji, na hivyo wamechoka kusikiliza. Ofisa anapokuuliza "unafanya nini?", kichwani ana orodha ya makundi ya bidhaa na anatafuta akuweke kundi gani. "General supplies" haina kundi. "Viatu vya usalama na nguo za kazi" ina kundi. Taja kundi moja, hata kama unauza kumi. Mengine atayaona kwenye wasifu wa kampuni.

Halafu yapo maswali mawili ambayo yatafuata, na utambulisho wa sekunde 30 usioyajibu unakufa hapo hapo. Unaweza kuleta kiasi gani kwa mwezi? Na unaweza kusubiri malipo muda gani? Wanunuzi wakubwa wengi hulipa siku 30 au zaidi baada ya ankara. Ukisema "tunaweza kiasi chochote", anajua huna stoo. Sema "jozi 200 kwa mwezi kutoka stoo yangu, zaidi ya hapo nahitaji wiki tatu". Hiyo ni sentensi ya mtu anayefanya kazi.

Nyaraka usizitaje kwenye utambulisho, ila uwe nazo kwenye simu: usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni, cheti cha usalama kazini cha OSHA, na cha mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Akiuliza, unatuma palepale. Na kwa wanaolenga serikali, kama hujajisajili NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, usipoteze muda wa ofisa ununuzi wa halmashauri, kasajiliwe kwanza.

#6 Mhasibu_Igoma
MtuWaGeita umenena. Kwa wahasibu wenzangu ninapendekeza hivi: "Nawasaidia wenye maduka ya jumla ambao mauzo yao yamefika milioni 100 kwa mwaka kusajiliwa VAT na kupeleka marejesho kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, bila faini." Kuna mteja, kuna kiasi, kuna tarehe. Mtu akiisikia anajua kama ni yeye au ni jirani yake.

#7 DirishaLaKodi
Muundo safi, mkuu, lakini rekebisha namba. Kiwango cha kusajiliwa VAT ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, tangu Julai 2023. Milioni 100 ni ya zamani. Tarehe 20 uko sahihi.

Namba ndani ya utambulisho ni kisu cha makali mawili. Inakupa uzito mbele ya asiyejua, na inakuangusha mbele ya anayejua, ambaye mara nyingi ndiye mwenye pesa. Hakiki kila namba wiki ya hafla yenyewe, hasa baada ya Julai, sheria ya fedha inapobadilika.

#8 Mhasibu_Igoma
Ahsante, nimepokea. 200.

#9 Rubondo
Mnahangaika na maneno wakati mawasiliano ni asilimia 93 mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Simama wima, tabasamu, mtazame mtu machoni. Ukifanya hivyo hata ukisema upuuzi unapigiwa simu.

#10 MhaririPasiansi
Rubondo, hizo asilimia zimesafiri mbali na kwao. Zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian huko Marekani, mwaka 1967. Alikuwa anapima hisia: mtu akitamka neno moja huku sauti au uso wake unapingana nalo, msikilizaji anaamini kipi? Mwenyewe Mehrabian amesema hesabu hiyo haihusu mazungumzo ya kawaida. Hakuna namna asilimia 93 ya "vyumba vya baridi vya tani 2 hadi 20" itafika kwa tabasamu.

Ila kusimama vizuri kuna faida, hilo sibishi.

#11 Rubondo
Nimekuelewa kwenye namba. Kwenye macho nabaki pale pale.

#12 BintiKirumba
Na hayo macho ya kukaziana, mbele ya mtu mzima wa makamo ya baba yako? Angalia usoni, shusha kidogo ukimsalimia, inua ukianza kuongea kazi. Anayekodoa muda wote anaonekana amekuja kudai deni.

#13 MchapajiMakoroboi
Mwangaluka wadau. Nataka kuongelea kadi na beji, maana makosa yake yanaonekana kila hafla.

Ukubwa: 85 kwa 55 mm au 90 kwa 50 mm, vyote sawa. Vipimo vya 85 kwa 55 vinakaribia kadi ya benki, kwa hiyo inaingia kwenye pochi. Karatasi iwe ya gramu 300; ya gramu 160 inajikunja mfukoni kwa joto la siku moja. Nyuma acha pasiwe na leminesheni ya kung'aa. Kalamu haishiki pale, na mpokeaji anahitaji kuandika "jokofu, Igombe, nimpigie Jumatatu". Kadi isiyoandikika inasahaulika.

Mbele weka jina, kazi kwa maneno ya kawaida, na namba MOJA ya simu inayoanza na +255. Nimetumiwa kuchapa kadi zenye namba nne. Anayezipokea hajui apige ipi, anaacha.

Msimbo wa QR: upana usipungue sm 2, na uachiwe ukingo mweupe pande zote, wabunifu wanaubana hadi mwisho wa kadi na simu haisomi. Rangi nyeusi juu ya nyeupe. Tumia ule usiobadilika, ambao taarifa zako zimo ndani yake wenyewe. Ule unaopitia tovuti ya kulipia kwa mwezi ukikoma malipo, kadi zote 500 zinakuwa karatasi.

Beji ya kuning'inia shingoni hugeuka yenyewe ikiwa imeshikwa kwa ndoano moja. Waandaaji, chapisheni jina pande zote mbili. Na kamba iwe fupi, jina likae kifuani. Nyingi zinaning'inia tumboni, na mtu anaona aibu kuinama kusoma.

#14 Sangara85
Wengine wanasema beji ya kubandika ikae kifua cha kulia kwa sababu mkono wa salamu unatoka kulia, jicho linafuata. Ni kweli?

#15 MchapajiMakoroboi
Ndivyo inavyoelekezwa sana, na haidhuru. Muhimu isifunikwe na koti au mkoba.

#16 MzeeWaBuzuruga
Vijana, na shikamoo je? Mnapanga sekunde 30 mkisahau kwamba tano za kwanza ni za salamu.

#17 Nyegezi_B
Shikamoo mzee. Mimi naona shikamoo kwenye hafla ya biashara inakushusha. Ukimwamkia mnunuzi, halafu dakika mbili baadaye umwambie bei haipungui, unaongea kama mtoto anayembishia mjomba.

#18 MzeeWaBuzuruga
Marahaba. Sikubaliani. Anayekuzidi sana umri ukimwambia "mambo vipi", hasikii tena kilichofuata. Mwamkie mara moja, apokee, mpe mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko kama ni mtu mzima hasa. Kisha nyoosha mgongo na uongee bei kama mwenye mali. Heshima haijawahi kupunguza bei ya ng'ombe mnadani. Kwa wa rika lako, "habari za kazi" inatosha.

#19 BintiKirumba
Niongeze: kwa mwanamke ambaye huenda hapeani mkono na wanaume kwa imani yake, ngoja yeye aunyooshe. Weka wako kifuani na uiname kidogo, hakuna atakayeona umepungukiwa.

Na kwa dada zangu: kadi yenye namba binafsi inaleta simu za saa 4 usiku zisizohusu kazi. Chukua laini ya pili, weka WhatsApp Business juu yake, weka saa za kazi na jibu la moja kwa moja la nje ya saa hizo. Mtu akiiomba ile nyingine unajibu "kazi zote zinapita hapa". Hakuna haja ya kueleza zaidi.

#20 Nyegezi_B
Kwenye #18 bado sijashawishika, ila nimemsikia mzee.

#21 RatibaSafi
Wadau mmejenga utambulisho mzuri ila mnauwasilisha saa mbaya. Mwaliko ukisema saa 2 asubuhi, mgeni rasmi akifika saa 4, kuna saa nzima na zaidi watu wamekaa hawana kazi. Hiyo ndiyo dhahabu. Fika saa 1:45, jisajili, simama karibu na meza ya usajili lakini usiizibe. Kila anayeingia anapita hapo, beji yake bado mpya, na ukumbi haujapigwa muziki.

Mapumziko ya chai ni ya pili kwa ubora. Simama mwisho wa foleni ya bufee, pale watu wanapotoka na sahani wakitafuta pa kuegemea. Mwanzoni mwa foleni akili yao iko kwenye sambusa.

Mchana ni mbaya kuliko vyote. Ikiwa ni ugali na sato, watu wanakula kwa mkono, wanakunyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, na kadi yako hakuna wa kuipokea. Kaa, kula, ongea mambo mengine.

Epuka kusimama ndani ya mita tano za spika. Utapiga kelele, na mtu anayepiga kelele akijieleza anaonekana anabishana.

#22 Sangara85
Zamani mchana pia ndipo watu wa Sengerema na Geita walipokuwa wanakimbilia kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wanabaki hadi jioni. Wa Ukerewe ndio bado wanawahi meli.

#23 Rubondo
Sato wa hafla wenyewe siku hizi ni wa vizimba, ukubwa wa kiganja.

#24 Sangara85
Wa vizimba hawana kosa, mkuu. Tatizo ni mpishi anayewatoa kwenye mafuta mapema. Turudi kwenye mada.

#25 Malimbe_2
Naomba kuuliza. Sisi tuliomaliza chuo hatuna mteja wala tani za kutaja. Ukisema "nimemaliza mwaka huu, natafuta kazi", watu wanakuonea huruma na kukupa moyo, basi.

#26 MtuWaGeita
Mdogo wangu, badilisha mpangilio. Anza na kitu unachoweza kukifanya kikaonekana, kisha data au kazi uliyoifanyia chuoni, kisha ombi dogo lenye mwisho. Mfano: "Nachora ramani za maeneo kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Kwenye utafiti wa chuo nilichora mialo ya samaki ya wilaya nzima, nikaonesha barabara na umbali wa maji safi. Naomba kujua nani ofisini kwenu anashughulika na ramani, nimtumie kurasa mbili." Umeomba jina, hukuomba kazi. Jina mtu analitoa bila kuogopa, kazi hana mamlaka nayo.

Wasifu wako usiugawe wakati wa chai. Uwe PDF ya ukurasa mmoja, chini ya MB 1, faili liitwe kwa jina lako na ujuzi wako. "CV MPYA FINAL 3" inapotea kwenye simu ya mtu siku hiyohiyo.

#27 Malimbe_2
Wabeja sana.

#28 Ilemela_Njia4
Nimesoma uzi wote. Naona mnabishana juu ya sekunde 30 wakati biashara inafia kwenye saa 48 zinazofuata. Mtu anaweza kujieleza vibaya kabisa na akapata kazi kwa sababu alifuatilia. Aliyejieleza kama mtangazaji akakaa kimya, hana kitu.

Kabla hujalala, hifadhi kila namba kwa jina, kazi, hafla na mwezi. Kesho yake kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi tuma ujumbe wa maandishi, mistari mitatu: mlipokutana, jambo mliloongea, kitu ulichoahidi kikiwa kimeambatanishwa. "Habari za asubuhi. Ni Fulani wa vyumba vya baridi, tuliongea jana karibu na mlango wa ukumbi kuhusu stoo ya Kayenze. Naambatanisha makadirio ya chumba cha tani 5. Nipige Alhamisi au Ijumaa?" Usitume "mambo" ukangoja ajibu. Usitume sauti ya dakika tatu, mtu yuko kikaoni. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki, kisha muache.

Na tafadhali msichukue namba za kwenye karatasi ya mahudhurio mkawaingiza watu kwenye kundi la WhatsApp la bidhaa zenu. Kwanza inaudhi. Pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, namba aliyoiandika kwa ajili ya posho ya nauli hakukupa wewe kwa matangazo.

#29 KapriPointi
Hoja ya ufuatiliaji naikubali, lakini huo mfano wako mwenyewe unasema "Fulani wa vyumba vya baridi". Angejitambulisha kama Mkurugenzi wa General Supplies, ujumbe wako ungeanzaje?

#30 Ilemela_Njia4
Ungeanza na picha ya kazi. Picha moja ya chumba kilichokamilika inafuta utambulisho mbovu wa jana.

#31 BintiKirumba
Na mimi nauliza wote wawili: huyo mwenye stoo ya Kayenze anafungua ujumbe wa nani kwanza, wa aliyekutana naye mlangoni au wa aliyeletwa na mtu anayemfahamu?

#32 MhaririPasiansi
Dada, hapo kuna upande wa pili. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionesha miaka ya 1970 huko Marekani kwamba wengi waliopata kazi kupitia watu walisikia habari kutoka kwa wasiokutana nao mara kwa mara, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Ukitambulishwa na watu wa Mwaloni tu, utaishia kwa watu wa Mwaloni. Yule wa mlangoni, ambaye hakuna anayekujua kwake, ndiye anaweza kuwa anajenga kitu Bukoba.

Utafiti mwingine wa 2017, wa watu wa Harvard, uliona kwamba anayeuliza maswali ya kufuatia yale aliyojibiwa anapendwa zaidi na aliyeongea naye. Kwa hiyo baada ya sekunde zako 30 uliza, na swali la pili litoke kwenye jibu la kwanza. "Stoo iko Kayenze? Umeme wa pale ni wa njia tatu?" Swali hilo moja linamwambia unaijua kazi, na hujajisifu.

#33 BintiKirumba
Hilo la kuuliza nalikubali kwa mikono miwili. La Granovetter, Marekani ni Marekani. Hapa asiyekujua anakusikiliza vizuri, kisha anapiga simu kwa mtu anayemjua kuuliza "huyu ni nani?"

#34 DirishaLaKodi
Ndiyo maana mtaje mtu wa kuulizwa, kwa ruhusa yake. "Kazi yangu unaweza kumuuliza msimamizi wa stoo fulani pale Igombe, nimemwambia." Maneno kumi na moja, na hiyo simu inaenda kwa mtu uliyemchagua wewe.

#35 Sangara85
Swali la mwisho kwa leo, wakuu: unaondokaje? Mtu amekung'ang'ania dakika ishirini anakueleza kiwanja chake cha Buswelu, na saa ya chai inakwisha.

#36 BintiKirumba
Mtambulishe kwa mtu wa pembeni, sentensi moja kwa kila mmoja, kisha useme "nawaacha muongee, naenda kumsalimia mzee pale" na kweli uende kwa mzee. Kama hakuna wa pembeni, rudisha jambo lake kwa ufupi: "kiwanja cha Buswelu, nimekihifadhi, nikimpata anayetafuta nitakutumia namba yake." Mpe mkono ukisema hivyo. Mkono ukishatolewa mazungumzo yamefungwa, hata kwa msemaji mkubwa.

#37 Sangara85
Na kama yeye ndiye mzee?

#38 MzeeWaBuzuruga
Omba ruhusa. "Mzee, naomba nikuache upumzike." Hakuna mzee anayekataa kupumzika.